Kabla Hujalibatiza Gemu Lako, Lieleze kwa Kiswahili

Ukisoma makala hii, fomu yetu ya maonyesho ya kazi za ubunifu za wanafunzi itakuwa imeshapelekwa. Ninapoiandika, bado iko mezani kwangu hosteli. Majina ya wanakikundi yapo, namba za usajili zipo, maelezo ya mradi yapo, hata sahihi ya mhadhiri msimamizi tumeipata baada ya kumvizia mlangoni kwake siku tatu. Nafasi moja tu imebaki nyeupe kwa wiki tatu sasa: "Jina la mradi".

Tuko wanne. Yupo mwenzetu wa uhandisi wa kompyuta anayeandika programu, tunamwita Fundi. Yupo dada anayesoma sanaa, huyo ndiye Mchoraji. Yupo ndugu wa biashara anayeshika hesabu na ndoto zetu za kuuza, tunamwita Mhasibu. Mimi nasoma lugha, kwa hiyo kazi yangu ni hadithi na maandishi yote yanayotokea kwenye skrini. Tunatengeneza gemu la mkakati la kubuni kisayansi: mwaka ni 2390, na mchezaji anaongoza msafara wa watu walioondoka duniani kutafuta makao kwenye nyota za mbali. Tumelihangaikia mwaka mmoja na nusu, kwa kompyuta mbili, moja ikiwa na betri isiyokaa na chaji hata dakika kumi, na kwa bando la usiku kwa sababu ndilo la bei nafuu. Tumevuka UE tatu nalo na mmoja wetu amesapu somo kwa ajili yake. Halafu tumekuja kukwama kwenye jina!

Nataka kusema jambo moja kwa kila mwanachuo mwenzangu anayetengeneza gemu, programu ya simu au hata kikundi cha wajasiriamali. Ukishindwa kukipatia kitu chako jina la Kiswahili, usiwe na haraka ya kulaumu Kiswahili. Huenda tatizo liko kwenye kitu chenyewe. Kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Orodha yetu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza tupu: Galactic Conquerors, Star Empire, Dominion 2390. Majina yalisikika vizuri. Yalifanana na magemu tuliyokulia tukiyacheza kwenye vibanda vya mtaani na kompyuta za kuazima. Tatizo lilianza nilipopendekeza tujaribu Kiswahili. "Washindi wa Galaksi" likasikika kama timu ya ndondo. "Himaya ya Nyota" likawa kama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. "Vita vya Sayari" likafanana na kichwa cha insha ya darasa la saba. Pale kwenye kimbweta tulicheka hadi watu waliokuwa wakisoma madesa jirani wakatukata jicho.

Mhasibu akafunga hoja: "Mnaona? Kiswahili hakibebi mambo haya."

Sentensi hiyo tumeisikia wote, tena mara nyingi kwa Kiswahili fasaha. Inaniudhi kwa sababu historia inaikanusha. Lugha hii ilikuwa na Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali kabla chuo chetu hakijachimbiwa msingi, na manahodha wa majahazi walisafiri usiku kwa kuzisoma nyota. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililoko baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei zitokazo angani. Iliitwa Uhuru, na hadi leo wanaastronomia wa dunia nzima wanaijua kwa jina hilo. Miaka minne kabla ya hapo, tamthilia ya Star Trek ilikuwa tayari ina ofisa wa mawasiliano aliyeitwa Uhura, jina lililotokana na neno hilohilo. Kwa hiyo mambo ya anga na Kiswahili hayakuanza kukutana kwenye kimbweta chetu.

Kwenye michezo pia mfano upo. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika, alipoupeleka mchezo wake wa vipande vya mbao kwenye maonyesho ya London mwaka 1983, aliuita Jenga. Alishauriwa abadilishe kwa kuwa neno hilo halikuwa na maana yoyote kwa wanunuzi wa huko. Alikataa. Leo watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili wanasema "Jenga" bila kuuma ulimi.

Basi kama Kiswahili kinabeba setilaiti na kinabeba mchezo unaouzwa duniani kote, kwa nini majina yetu yalichekesha? Jibu nililipata mahali ambapo sikulitafuta.

Njia ninayopita kwenda kituo cha daladala ina kijiwe cha bao chini ya mwembe. Kuna mzee mmoja pale tumezoeana. Jumamosi moja nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza, "Hiyo kompyuta kila siku mnafanyia nini?" Nikamwambia tunatengeneza mchezo. "Wa namna gani, mwanangu?" Nikaanza kueleza. Nikasema unatoka kwenu na chombo kikubwa, unafika kwenye sayari usiyoijua, unaweka kambi, unachimba madini yake, unayapeleka kujenga vyombo vingine, unakwenda sayari ya pili. "Na wenyeji je?" Nikasema wakikubali wanakutumikia, wakikataa unawafyeka, ndiyo unapata pointi.

Mzee alishika kete mkononi akaniangalia. "Kwa hiyo humo ndani nyie ndio Wajerumani?"

Kijiwe kizima kiliangua kicheko, na mimi nikacheka. Lakini kwenye daladala kicheko kilinikauka. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimeandika hadithi ile, kurasa kwa kurasa, na sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nikiiwaza kwa Kiingereza cha magemu, ambacho kina maneno laini kwa kila jambo. Siku niliyolazimika kuisema kwa lugha ya nyumbani, mbele ya mtu ambaye babu zake waliishi wakati wa Maji Maji, hadithi ilijitaja yenyewe.

Wachezaji mnajua kwamba magemu ya aina yetu yanaitwa 4X. Ufupisho huo ulitokana na mwandishi wa Marekani, Alan Emrich, alipokuwa akilitambulisha gemu la Master of Orion mwaka 1993. Ni maneno manne ya Kiingereza: explore, expand, exploit, exterminate. Yanapokezana kama wimbo. Sasa yaseme kwa Kiswahili polepole: chunguza, panuka, nyonya, angamiza. Nchi hii imelelewa na siasa ambayo "unyonyaji" ni miongoni mwa maneno yake mazito kabisa. Je, unaweza kuandika kwenye bango la maonyesho, "Karibu ucheze, unyonye na kuangamiza"? Au chukua Civilization la mwaka 1991. Humo, nje ya mipaka ya dola zinazoshindana, hutokea kundi linaloitwa "barbarians". Kiswahili chake ni washenzi. Sitaki kukukumbusha ni babu za nani waliitwa hivyo pwani na bara.

Nisieleweke vibaya. Civilization nimelicheza hadi adhana ya alfajiri na sitaacha. StarCraft na Age of Empires ndiyo yaliyonifundisha kupanga. Wala sisemi kwamba gemu lazima liwe somo la uraia. Ninachosema ni kwamba tulinakili sheria za mchezo pamoja na macho ya waliozibuni, kisha tukataka tubandike jina la Kiswahili juu yake, sawa na kumvika sanamu la dukani kanga. Jina lilikataa kukaa. Tulidhani limekataa kwa sababu lugha ni ndogo, kumbe lugha ilikuwa inatuuliza swali.

Nilipowasimulia wenzangu habari ya mzee, Fundi hakufurahi hata kidogo. Kubadilisha sheria ni kuandika upya programu, na usingizi wake ndio unaolipa. Mhasibu naye akauliza swali la haki: "Gemu la mkakati lisilo na vita, nani atacheza?"

Jibu lilikuwa palepale chini ya mwembe. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na sijawahi kusikia mtu akiliita mchezo wa wapole. Wazee wanatambiana, wanakomoana, wanapigana chenga za akili. Mwanzoni kila mmoja ana kete 22 mkononi, anazinamua mojamoja, na kosa moja la mapema linaweza kukufuata hadi mwisho. Kuna kula. Lakini tazama kete zinazoliwa zinakwenda wapi. Hazitolewi ubaoni kama kwenye drafti. Unazichukua na kuzipanda upande wako, shimo moja baada ya jingine, na kesho mwenzako anaweza kuzirudisha kwake. Kete haifi, inahama. Ushindi unapatikana pale mpinzani anapokosa pa kuchezea. Huo ni mkakati wenye meno, nao hauna angamiza ndani yake.

Hapo tulianza kuandika sheria upya. Kila makao kwenye gemu letu sasa yanapokea watu, maji na nishati, na hayawezi kukua bila kusambaza kwa makao jirani. Ukilimbikiza sehemu moja, unatajirika haraka na kubomolewa haraka, kama mchezaji wa bao aliyeing'ang'ania nyumba yake hadi mwenzake akaila yote. Wapinzani wapo, tena wakali: ni misafara mingine iliyoondoka duniani kama wewe. Fundi alinuna wiki nzima, akaandika, akaja kukiri kwamba lilikuwa tamu kuliko la kwanza. Sheria zilipobadilika, ndipo majina yakaanza kuja yenyewe. Mhasibu alipendekeza "Mtaji", ambalo kwenye bao ni jina la mchezo wa kula na kwenye biashara ndiyo roho yake. Lilikuwa zuri, ila mtu akilisikia anafikiria mkopo wa simu.

Jina lenyewe lililetwa na Mchoraji. Bibi yake kijijini huangalia kundi dogo la nyota kujua majira ya shamba, na kundi hilo analiita Kilimia. Waswahili wana msemo wa zamani juu yake: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nendeni mkathibitishe wenyewe. Mwezi wa Mei, masika yanapoelekea mwisho, kundi hilo huzama pamoja na jua na kupotea. Mwezi wa Juni, ukiamka alfajiri, utaliona limerudi mashariki na mbingu ni kavu. Wanaastronomia huliita Pleiades. Liko umbali wa kama miaka ya nuru 440, macho ya kawaida huona nyota sita hivi, lakini nyota zake zinazidi elfu moja. Na jina lake limetokana na kulima. Tena si sisi peke yetu: Wazulu na Waxhosa kule Afrika Kusini huliita isiLimela, kutoka mzizi uleule wa kulima.

Fundi, ambaye hata ugali huuliza chanzo chake, akaleta pingamizi. Nyota za Kilimia ni changa, zina kama miaka milioni 100 tu, wakati jua letu lina zaidi ya bilioni 4. Viumbe haviwezi kuwa vimetokea huko. Nikamwambia hilo ndilo tunalolitaka, hakuna mwenyeji wa kumfyeka. Mchoraji akanikata hapohapo: "Hata wakoloni walisema ardhi ni tupu." Tulikaa kimya. Alikuwa sahihi, na kwa sababu hiyo gemu sasa linaanza kwa hatua ambayo haikuwepo: kabla hujatua mahali popote unatakiwa kupima na kuthibitisha kwamba hapana mtu, yaani kwamba msafara mwingine haukukutangulia. Ukidanganya, unalipa baadaye. Angalieni basi jinsi neno moja lilivyotuongezea sheria. Star Empire lisingetuongezea hata koma.

Sasa nirudi kwa Mhasibu, maana sitaki kumfanya adui wa makala hii. Yeye huwatumia nyumbani sehemu ya boom lake ili mdogo wake aendelee na shule. Anaposema gemu lazima liuze, hazungumzii uroho. Hofu yake ni kwamba mtu wa Brazil au Korea akiona neno asilolijua atalipita. Naiheshimu hofu hiyo, na nina majibu matatu.

La kwanza, jina geni si kikwazo likiwa linatamkika. Kilimia ni silabi nne, kila moja inaishia na irabu, na inasomwa ilivyoandikwa. Tulilijaribu ndani ya daladala, konda akipiga kelele na redio ikiwa juu: nililitaja mara moja kwa abiria jirani nikamwomba aliandike kwenye simu. Aliliandika sawasawa. Galactic Conquerors liliandikwa kwa namna ambayo Google yenyewe ingeomba msaada.

La pili, majina ya Kiingereza ya kawaida yamejaa watu. Kampuni ya Mojang ya Sweden, waliotengeneza Minecraft, waliita gemu lao jipya Scrolls. Mwaka 2011 wakafikishwa mahakamani na wenye The Elder Scrolls, kesi ikaisha kwa mapatano mwaka uliofuata. Hao walikuwa na pesa za mawakili. Sisi tuna pesa za chipsi kavu.

La tatu, neno lako usipolijali, mwingine atalijali. Disney waliomba kusajili "Hakuna Matata" nchini Marekani kama alama ya biashara kwenye mavazi mwaka 1994, na mwaka 2003 wakapewa. Mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia sahihi ombi mtandaoni kulalamika. Kulalamika ni haki, lakini najiuliza wangapi kati yetu tuliotia sahihi tumewahi kuita kazi zetu kwa maneno yetu. Kwa hiyo mwenye mradi apite BRELA mapema. Magemu na programu huingia daraja la 9, burudani daraja la 41, na akumbuke kwamba usajili wa hapa unamlinda hapa tu. Sisi tukilisajili, tutalilinda jina kwenye magemu. Bibi yake Mchoraji ataendelea kuangalia Kilimia chake bila kutuomba ruhusa.

Nimekubaliana na Mhasibu kwa jambo moja: kwenye duka la mtandaoni, chini ya jina, maelezo yatakuwa kwa Kiingereza na lugha nyingine tutakazomudu. Hilo ni la haki kwa mnunuzi. Lakini jina litabaki lenyewe. Nakubali pia kwamba jina la Kiswahili si hirizi. Gemu bovu likiitwa Kilimia ni gemu bovu lenye jina zuri, na wachezaji hawatatuonea huruma kwa uzalendo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni mwepesi, na haugharimu bando. Kabla hujakaa na wenzako kubuni jina, mtafute mtu ambaye hasomi unachosoma. Mama ntilie, dereva wa bodaboda, shangazi, yeyote. Mweleze kwa Kiswahili kitu chako kinafanya nini, bila neno la Kiingereza la kujifichia. Halafu nyamaza, usikilize atakachouliza. Ukiona aibu katikati ya maelezo, usibadilishe jina, rudi ukakiangalie kitu.

Jana jioni nilipita tena kijiweni. Nikamwambia mzee tumebadilisha mchezo, na huenda ukaitwa Kilimia. Akasema analijua, kwao walikuwa wanapandia mtama. Akanamua kete moja, akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa huko juu wanalima nini?"

Nilikaa chini nikaanza kumweleza, daladala mbili zikapita. Leo usiku tunapiga kura. Nafasi ile kwenye fomu nimeshaijaza, kwa penseli.